Kabla hujamwadhibu mtoto mgomvi, jua anaona nini usoni mwa wenzake

Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, na ninayemchunguza kwanza siku hizi si aliyepigwa, ni aliyepiga. Nataka kujua aliona nini usoni mwa mwenzake kabla ya kurusha ngumi.

Wapo wanaoona hasira pasipo na hasira. Mwenzake kakunja uso kwa sababu ya jua tu, yeye anaona anatafutwa ugomvi, basi anawahi. Mwaka 2002, watafiti Seth Pollak na Pawan Sinha walionyesha kuwa watoto waliowahi kupigwa na wazazi huitambua hasira mapema, hata dalili zikiwa chache. Si ajabu. Kwao, kuchelewa kuiona kulimaanisha kipigo. Ukimchapa mtoto huyo, unamhakikishia kuwa alikuwa sahihi.

Mwingine haitambui hofu usoni mwa mwenzake. Mwenzake anatetemeka, yeye anaendelea tu. Abigail Marsh na James Blair walipochambua tafiti kadhaa mwaka 2008 walikuta kuwa wenye tabia za kudhuru wengine hukosea hasa kutambua nyuso zenye hofu. Mark Dadds na wenzake, Australia, walikuwa wamegundua jambo linalonivutia zaidi: watoto wasiojali hisia za wengine walipoambiwa watazame macho, waliitambua hofu vizuri zaidi, ingawa kwa muda tu.

Kwa hiyo mimi sianzi na "omba msamaha". Msamaha wa kulazimishwa mtoto huutoa huku akitazama viatu vyake. Nasubiri watulie, kisha namwambia, "Mtazame mwenzako machoni. Unadhani anajisikiaje?" Akikosea simcheki, namwuliza aliyeumizwa aseme mwenyewe.

Kwa yule anayeona hasira isiyokuwepo, natumia picha za nyuso zisizoeleweka vizuri, tunatafuta maana nyingine zaidi ya ugomvi: labda amechoka, labda anawaza. Mwaka 2013 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwazoeza vijana kuona furaha katika nyuso za namna hiyo, na ukali wao ukapungua.

Si kila mtukutu ana tatizo hili, nisieleweke vibaya. Wengine wanasoma nyuso vizuri mno, ndiyo maana wanajua pa kumchoma mtu.

Ila neno "nitazame!" lisisikike wakati wa kugombezwa peke yake. Mwambie hivyo hata unapomsimulia kichekesho, la sivyo atazoea kukwepa macho ya watu.