Barua kwa mwanangu: nenda Dar kwanza, mimba baadaye

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi. Umeniuliza: "Mama, kwani nisizae kwanza, halafu ndiyo niende Dar kuzibwa hilo tundu la moyo? Mbona sijisikii mgonjwa?" Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na jambo hili nataka ulisome mpaka mwisho, kisha umsomee na mume wako.

Jibu langu ni hapana. Nenda kwanza. Mimba itafuata, inshallah.

Nakwambia hivyo kama mama yako na kama mtu aliyefanya kazi ya ukunga mpaka akastaafu. Moyo una vyumba vinne, na tundu lako liko kwenye ukuta unaotenganisha vile viwili vya juu. Ukuta huo hujengwa mtoto angali tumboni, na wako haukukamilika. Hakuna mkono wa mtu hapo, kwa hiyo wanaokushauri upite kwa mganga kabla ya safari uwashukuru tu na uendelee na mambo yako. Damu safi ikitoka mapafuni, badala ya kwenda yote mwilini, nyingine inavuja kupitia tundu hilo, inaingia upande wa kulia na kusukumwa tena mapafuni. Upande wa kulia unabeba mzigo usio wake, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Mwishowe unatanuka. Wewe umekazana na upana wa tundu, milimita 22 zilizoandikwa kwenye karatasi ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo, lakini chini yake daktari aliandika kwamba upande wa kulia umeshatanuka. Sentensi hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Ndiyo maana ukisema hujisikii mgonjwa moyo wangu hautulii. Wengi wenye tundu la aina hii hufika miaka thelathini, hata arobaini, bila kujua. Wakichoka wanasema ni kazi, wakihema wanasema wamenenepa. Siku ile tulipotoka mwaloni Kibirizi na ndoo ya dagaa, ulisimama katikati ya kilima ukasema unaangalia boti. Nilikuona ulivyoshika kiuno, na mdomo ukiwa wazi.

Sasa njoo kwenye mimba. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu ya aliyokuwa nayo, na mzigo huwa mkubwa zaidi mimba ikifika miezi saba, minane. Moyo wako utabeba hiyo juu ya ile inayovuja. Sikufichi: wanawake wengi wenye tundu kama lako hubeba mimba na kujifungua salama, na huenda nawe ungekuwa mmoja wao. Lakini inategemea presha ya kwenye mapafu, na yako bado haijapimwa sawasawa, eko imekadiria tu. Mapafu yakipokea damu nyingi kupita kiasi kwa miaka, mishipa yake hukakamaa na presha hupanda. Ikishapanda sana, mimba ni hatari ya kifo kwa mama. Nimewahi kumhudumia mama wa namna hiyo zamu ya usiku, midomo imebadilika rangi, na mumewe amesimama mlangoni na beseni la nguo za mtoto. Mtoto tulimpata. Sitaki mume wako asimame mlango huo kwa sababu ya haraka ya kukadiria.

Huko Dar watakupima kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani mpaka ndani ya moyo, wasome presha yenyewe. Kuna uwezekano, na naomba uujue kabla hujaondoka, wakakuta presha imepanda kiasi kwamba kuziba kutakudhuru, maana tundu hilo linakuwa ndiyo njia moyo unayopumulia. Wakisema hivyo watakupa dawa na watakwambia usibebe mimba, nasi tutalia pamoja. Kwa ulivyo sasa na kwa yaliyoandikwa kwenye karatasi, sidhani kama umefika huko. Ila kila mwaka unaosubiri unakusogeza, na hilo ndilo linalonifanya niseme sasa.

Mpaka hapo usipate mimba. Na vidonge vile vya kawaida vya mpango usivitumie, vile vyenye homoni mbili, kwa sababu huongeza damu kuganda, na kwako bonge la damu kutoka mguuni linaweza kupita kwenye tundu likapanda ubongoni na kukuletea kiharusi. Nenda kliniki uwaambie una tundu kwenye moyo, waongee na wewe habari ya kijiti.

Umeuliza pia kwa nini iwe Dar wakati Bugando ni karibu zaidi. Ni kweli watu wetu wa Kigoma rufaa nyingi huelekea Mwanza, na Bugando ni hospitali ninayoiheshimu. Lakini daktari bingwa aliyekuona amekuandikia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale eneo la Muhimbili, Upanga. Wale kazi yao ni moyo tu tangu 2015, na wanaziba kwa njia zote mbili, ya mrija na ya kupasua. Nilipoanza kazi, mgonjwa wa namna yako alikuwa anasubiri kupelekwa India, na wengi hawakufika. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Leo mwanangu anapanda treni Kigoma kwenda kutibiwa moyo nchini mwake, halafu aniambie asubiri?

Njia ya mrija, kama kingo za tundu zinatosha kushika, wanapitisha kifaa cha waya laini kupitia pajani, kinafunguka huku na huku ya ukuta kama vifungo viwili vilivyoshonwa pamoja. Kifua hakiguswi, na baada ya siku chache unatoka hospitali. Kama kingo hazitoshi, au tundu limekaa pabaya, watafungua kifua. Najua hii ndiyo unayoiogopa, kusimamishwa moyo. Wakati huo mashine inafanya kazi ya moyo na mapafu. Ulishawahi kusikia kwamba mtu wa kwanza kufanyiwa upasuaji wa moyo kwa mafanikio kwa kutumia mashine hiyo, Philadelphia, Mei 1953, alikuwa msichana wa miaka 18 mwenye tundu kwenye ukuta uleule kama wewe? Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kwa madaktari wa moyo, tundu lako ni kazi wanayoijua tangu mwanzo wa kazi yenyewe.

Ukifunguliwa kifua, mfupa wa katikati unafungwa kwa waya na unahitaji kama miezi mitatu kuunga vizuri. Hakuna ndoo kichwani, hakuna jembe, hakuna kutwanga, hata kumbeba mtoto wa jirani. Kwa hiyo utapona kwangu Ujiji. Kasulu utarudi ukiwa na uwezo wa kusimama mbele ya darasa lako.

Mambo ya bima: wewe ni mtumishi, kadi unayo. Hata hivyo ukifika tu nenda dirisha la bima uulize kama kifaa cha kuzibia kinalipiwa chote au kuna cha kuongeza, usije ukaambiwa siku ya kulazwa. Pakitokea pengo, ongea na ustawi wa jamii wa palepale, ndiyo kazi yao, usione haya. Ruhusa ya ugonjwa iombe kwa maandishi, ubaki na nakala. Na kabla ya safari pitia kwa daktari wa meno hapo Kasulu. Jino bovu linaweza kupeleka wadudu kwenye damu mpaka kwenye moyo, na wakilikuta Dar watakurudisha nyuma mpaka litibiwe.

Safari tutakwenda wote. Nauli ya ndege nimeiuliza, ikipatikana tutapanda ndege. Kwanza mwulize daktari kama anaruhusu. Isipopatikana tutakwenda kwa treni, ni zaidi ya kilometa 1,200 lakini mle ndani unaweza kusimama na kutembea. Basi silipendi kwa hali yako. Kukaa miguu imening'inia kutwa nzima ndiko kunakogandisha damu, na nimeshakueleza bonge la damu kwako linaweza kwenda wapi. Kwa vyovyote utakunywa maji na utatembea, hata kama abiria wenzetu watatushangaa. Tutafikia kwa mjomba wako Tabata, nimeshaongea naye, anadai dumu la mawese na migebuka mikavu.

Kitu kimoja cha wodini, kishike sana. Popote utakapowekewa dripu, iwe Kasulu, hospitali ya Maweni hapa Kigoma au Dar, mwambie muuguzi kabla hajaifungulia: "Nina tundu kwenye moyo, naomba uhakikishe hakuna mapovu ya hewa kwenye mrija." Kwa mtu mwingine kipovu kidogo huishia mapafuni. Kwako kinaweza kuvuka. Muuguzi mzuri atakushukuru, na akikasirika mwambie tena vilevile.

Kuhusu mama mkwe wako anayehesabu miezi, mwachie mume wako aseme kwanza, kwa kuwa ni mama yake. Asipoeleweka nitakuja Kasulu mwenyewe, nikae naye mkekani, tuongee kama wazazi wawili wanaotaka mjukuu na wanaotaka pia mama wa huyo mjukuu. Namfahamu, ni mtu wa kusikia. Mwambie pia kwamba baada ya kuzibwa madaktari watataka usubiri miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, ili aanze kuhesabu upya kuanzia hapo.

Jumatatu nenda ofisini uombe ruhusa. Ile karatasi ya rufaa ipige picha unitumie, halafu yenyewe uiweke kwenye bahasha pamoja na majibu ya eko na ya umeme wa moyo. Ukinitumia tarehe tu, nashuka stesheni kuulizia nafasi za vitanda.

Nakupenda, mwanangu.

Mama yako,
Ujiji