Tetea huyu si Malawi halisi: mtazame nyayo kabla ya manyoya

Ndugu yetu wa Moshi ameeleza kwamba aliuziwa tetea sokoni kwa jina la Malawi, naye ni mweusi mwenye manyoya ya dhahabu shingoni, shingo yenyewe ikiwa wazi isipokuwa kifungu kidogo cha manyoya kwa mbele, upanga mfupi uliolala kichwani, miguu ya kijivu inayoelekea kijani, na mayai ya rangi ya maziwa. Anauliza ni kuku wa aina gani. Nimefuga mchanganyiko wa namna hii hapa Usa River kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu kuku wa uani hasomwi kwa jina moja. Husomwa kwa sifa zake, kwa kuwa kila sifa ina njia yake ya kurithiwa.

Rangi ndiyo inayowapoteza wengi. Kuku tunayemwita Malawi ni Black Australorp, aina iliyotokana na Orpington wa Uingereza na kuendelezwa Australia, na weusi wake umekolea mwili mzima hadi kung'aa kijani juani. Weusi hutawala rangi nyingine nyingi, hivyo mzazi mmoja mweusi anatosha kutoa vifaranga weusi, lakini dhahabu inayochungulia shingoni kwa kawaida huonyesha kwamba mzazi wa pili hakuwa mweusi. Tena jogoo mwekundu halisi akimpanda tetea mwenye manyoya ya mistari kama kuku aina ya Plymouth Rock, vifaranga majike huweza kutoka weusi wenye dhahabu shingoni vilevile, kwa sababu mama huwarithisha mistari watoto wake madume tu. Kwa hiyo weusi peke yake haututhibitishii Malawi hata kidogo.

Mpindue miguu umtazame nyayo. Australorp ana miguu myeusi au ya kijivu, lakini nyayo zake ni nyeupe, kwa kuwa ngozi yake ni nyeupe. Miguu ya kijani hutokea pale weusi ulio ndani ya ngozi unapoonekana kupitia tabaka la njano lililo juu yake. Ngozi ya njano haijitokezi mpaka kifaranga airithi kutoka kwa baba na mama, ilhali Malawi halisi hana njano ya kurithisha. Basi nyayo za tetea huyu zikiwa za njano, hakuna mzazi wake aliyekuwa Malawi halisi, labda babu au bibi. Angalizo moja: tetea akitaga kwa muda mrefu njano ya miguuni hufifia, hivyo ni vyema umkague baada ya kupumzika kutaga, na awe amekula mahindi ya njano au majani mabichi ya kutosha.

Shingo yake nayo inasema mengi. Kuku wa kishingo, yaani mwenye shingo isiyo na manyoya, aliyerithi sifa hiyo kwa mzazi mmoja hubaki na kifungu cha manyoya mbele ya shingo, juu kidogo ya kifuko cha chakula, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huwa na shingo tupu au karibu tupu. Kifungu ulichokieleza kinaonyesha kwamba mzazi mmoja tu ndiye aliyempa ukishingo, na ukimpandisha kwa jogoo mwenye shingo ya kawaida, tarajia takriban nusu ya vifaranga wawe vishingo.

Upanga uliolala wenye safu tatu za vinundu hutawala ule wa wima wenye meno, na kwetu sifa hiyo huonekana sana kwa kuku wa kienyeji aitwaye Kuchi. Hata hivyo, asiitwe Kuchi kwa upanga peke yake: Kuchi husimama wima, ana miguu mirefu, mdomo mfupi mnene na ndevu ndogo mno.

Mayai ya rangi ya maziwa hayabainishi sana, maana ganda hupauka kadiri tetea anavyoendelea kutaga. Kuatamia kuna uzito zaidi: akikaa kwenye mayai kwa utulivu hadi siku ya 21, huenda damu ya kienyeji ni nyingi ndani yake, kwa kuwa kuku wa mayai wa kisasa wamechaguliwa kwa vizazi vingi ili wasiatamie.

Kwa maelezo uliyotoa, mimi ningemwandika kuwa kienyeji chotara, aliyerithi ukishingo kwa mzazi mmoja na pengine mwenye damu ya Kuchi. Ukitaka uhakika zaidi, mtenge akae na jogoo mmoja tu unayemfahamu, mwenye upanga wa wima na shingo ya kawaida. Usiatamishe mayai ya wiki tatu za mwanzo, kwa sababu tetea huhifadhi mbegu za jogoo aliyetangulia kwa takriban wiki mbili na wakati mwingine zaidi. Vifaranga wakianguliwa, andika kila mmoja ana shingo gani, na wakishakua kidogo uandike upanga na rangi ya nyayo: kifaranga hata mmoja mwenye upanga wa wima atakuthibitishia kwamba mama alirithi upanga wa kulala kwa mzazi mmoja tu.