Waya wa athi si waya wa ziada

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nina nyumba Nkuhungu, hapa Dodoma. Ruta ya faiba iko sebuleni, kifurushi cha megabiti 20. Kijana wangu anafanyia kazi zake za kompyuta kwenye vyumba vya uani, kama mita 30 hivi, na Wi-Fi haifiki. Nimesikia mtandao unaweza kupita kwenye nyaya za umeme zilizomo ukutani. Fundi wangu anasema kununua adapta za kupitishia mtandao huo ni kutupa hela. Atapitisha mtandao kwenye waya wa athi "kwa kuwa haufanyi kazi", na ikishindikana atapitisha waya wa LAN ndani ya paipu ya umeme iliyofukiwa. Nimruhusu?

JIBU: Hapana, kwa yote mawili. Na kama keshafungua hata soketi moja, mwambie airudishe kama alivyoikuta, halafu uite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime athi kabla mtu hajagusa birika.

Suala la mtandao kupita kwenye nyaya za umeme nitalifikia, maana ni jambo la kweli. Lakini hiyo kauli ya "haufanyi kazi" siwezi kuiruka. Naisikia kila mara, kwa wafunga ving'amuzi, wafunga kamera, na sasa wafunga intaneti. Mtu anafungua soketi, anakuta nyaya tatu. Anagusisha tesita: wa moto unawasha taa, nyutro kimya, ule wa kijani na njano nao kimya. Basi anaamua kwamba wa tatu uliwekwa kujaza paipu.

Waya wa athi unangoja siku moja tu, siku ambayo waya wa moto utagusa bati la friji, la pasi au la jiko. Hapo ndipo unapoubeba umeme kuupeleka ardhini ili breka ikate. Ukiung'oa, friji itaendelea kugandisha na pasi itanyoosha nguo vilevile. Hakuna kitu kitakachozima kukuonya.

Kwetu Dodoma jambo hili lina uzito zaidi. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na miezi mingine yote udongo ni mkavu kama unga. Fimbo ya athi iliyozama kwenye udongo wa namna hiyo haipitishi umeme vizuri. Tuseme ukinzani wake ni omu 100: kwa volti 230, zitakazokwenda ardhini ni ampea 2.3 tu. Breka ya ampea 32 haina habari kabisa. Ndiyo sababu nasisitiza ile breka inayokamata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Nayo inahitaji athi ili ikate mapema, kwani bila athi itangoja mpaka mwili wa mtu uwe ndiyo njia.

Mwaka jana niliitwa mtaa wa Kisasa kwa malalamiko ya mtandao kukatikakatika. Nikafungua soketi ya chumba cha watoto. Ile kijani na njano ilikuwa imekatwa kwa koleo, ikaungwa na uzi mmoja wa LAN kwa tepu nyeusi, na kule sebuleni uzi huo umeishia kwenye plagi ya ruta. Plagi ilishabadilika rangi, plastiki imejikunja kama ganda la karanga kwenye kikaango. Athi ya hita ya kuogea ilikuwa inatokea hapohapo. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba kuhusu bafu, akanijibu kwa utulivu kwamba siku hizi maji "yanatekenya kidogo". Yanatekenya! Nilizima meinswichi kabla hajamaliza sentensi. Aliyefanya kazi ile alishalipwa na simu alikuwa hapokei.

Na ukiweka hatari pembeni, bado haiwezekani. Mtandao wa megabiti 100 unataka nyuzi nne, yaani jozi mbili; wa gigabiti unataka zote nane. Kila jozi imesokotwa makusudi, ili kelele (mawimbi ya umeme yasiyotakiwa) inayouingia uzi mmoja iwe ileile inayouingia mwenzake na kifaa kiweze kuiondoa. Athi ni waya mmoja, hauna mwenza wala msokoto.

Sasa adapta. Ni jozi ya viboksi: kimoja unakichomeka ukutani karibu na ruta, kingine kwenye soketi ya vyumba vya uani. Umeme wa TANESCO huyumba mara 50 kwa sekunde. Adapta hupandisha juu yake mawimbi madogo ya kasi kubwa mno, kuanzia takriban mara milioni mbili kwa sekunde. Ndani ya kile kiboksi kuna kapasita na transfoma ndogo zinazoyaruhusu mawimbi hayo kupita na kuzizuia volti 230 zisiifikie kompyuta. Hicho ndicho unachokilipia. Tena baadhi ya adapta za kizazi cha AV2 huitumia hata athi kama njia ya pili, huku athi ikibaki kazini kwake. Nadhani fundi wako alisikia nusu ya habari hii akatoka mbio.

Kwako wewe swali la kwanza ni hili: vyumba vya uani vina LUKU yake? Kama vinachukua umeme kutoka meinswichi ya nyumba kubwa, hata kama kuna mita ndogo ya kugawana bili, adapta zina nafasi nzuri ya kufanya kazi. Kama vina mita yake kutoka kwenye nguzo, huenda viko kwenye laini tofauti, na hapo mawimbi hayavuki au yanafika yamechoka. Hali ni hiyohiyo ukiwa na umeme wa njia tatu na soketi hizo mbili zimeangukia laini mbili. Azima jozi ya adapta kwa mtu uijaribu jioni, wakati taa, chaja na pampu za mtaa mzima zinapiga kelele kwenye laini. Ichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni yenye kinga wala nyuma ya friji gadi, kwa sababu vitu hivyo huyameza mawimbi.

Namba ya kwenye boksi usiishike. Nyingi zilizoandikwa 500 au 600 zina tundu la mtandao la megabiti 100 tu, na utakachopata ni chini ya hapo. Kwa kifurushi cha 20 hilo halikuumizi. Bonyeza pia kitufe cha kuzioanisha ili zijiwekee ufunguo wenu wenyewe, maana mawimbi yanaweza kuvuka hadi kwa jirani mnayetumia laini moja. Umeme ukikatika, adapta nazo zinalala, hata ruta ikiwa na betri.

Hiyo paipu ya umeme iliyofukiwa ni habari nyingine ya kuhuzunisha. Ganda la waya wa LAN halikutengenezwa kukaa bega kwa bega na volti 230. Ukivutwa kwenye paipu lililoshonana unachubuka na kuchubua, na hutaona, kwa sababu uko ardhini. Mwaka mmoja baadaye joto na maji vinamalizia. Adapta zikikataa, chimba mtaro, uweke paipu yake yenyewe, angalau shubiri moja mbali na ya umeme. Mita 30 ni kidogo, LAN inakwenda hadi 100. Ila mimi kati ya majengo mawili ningelaza faiba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, na radi ikipiga jirani haitapata njia ya shaba ya kuingilia kwenye kompyuta ya kijana wako.

Ukiamua LAN, kwangua uzi mmoja kwa kisu mbele ya muuzaji. Ukitoka mweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie.

Mwandikie fundi wako kwamba kazi imesimama, kisha uniambie mita ni moja au mbili.