Krediti zimekubaliwa zote, mbona narudia kozi?

Swali: Nilisoma miaka miwili katika chuo cha jamii hapa Marekani, kisha nikahamia chuo kikuu cha jimbo jingine. Barua yao inasema krediti zangu 60 zimekubaliwa. Sasa mshauri ananiambia nirudie kozi mbili za elimu ya jumla. Hii imekaaje?

Jibu: Pole, ila hili tunakutana nalo kila muhula. Krediti kukubaliwa ni jambo moja, kuhesabiwa ni jingine. Msajili hutazama hasa kama chuo ulikotoka kina ithibati na kama alama yako inatosha, mara nyingi C. Ukivuka hapo, kozi inaingia kwenye rekodi yako, lakini huenda ikatupwa kwenye kapu la kozi za hiari huku nafasi ya lazima ya elimu ya jumla, kama uandishi au hisabati, ikibaki wazi. Jumla ya 60 haikuambii lolote kuhusu hilo. Fungua ripoti ya maendeleo ya shahada uone kila kozi imeandikwa kwenye mstari gani.

Ungebaki ndani ya jimbo, huenda usingeniandikia. Texas, ukimaliza mtaala wa msingi wa krediti 42 katika chuo cha umma, unahama nao kama furushi moja kwenda chuo kingine cha umma. Florida ni krediti 36 kwa utaratibu wa aina hiyo hiyo. California ilikuwa na orodha mbili za kozi za elimu ya jumla kwa wanaohama, zilizowachanganya wengi. Tangu muhula wa vuli wa 2025 ipo moja, Cal-GETC, yenye krediti zisizopungua 34. Neno zito hapo ni "ukimaliza". Usipomaliza, mara nyingi furushi linafunguliwa na kozi zinapimwa mojamoja. Na ukivuka mpaka wa jimbo, au ukienda chuo binafsi, kanuni hizo hazikifungi chuo kipya.

Angalia pia kalenda. Krediti ya vyuo vya robo, yaani vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya mihula, ni theluthi mbili ya krediti ya muhula, kwa hiyo kozi ya krediti 4 inageuka 2.67, na nafasi inataka 3. Vyuo vingine husamehe upungufu huo ukiomba.

Kwa kozi zako mbili, kata rufaa. Tafuta silabasi ya muhula uliosoma wewe, maana ya mwaka huu inaweza kuwa imebadilika. Nilimsaidia mwanafunzi mmoja ambaye kozi yake iliitwa Mawasiliano ya Biashara, ikakataliwa kama kozi ya uandishi kwa sababu ya jina tu. Silabasi ilionyesha insha nne za utafiti, na idadi ya kurasa kwa kila moja. Tuliipeleka idara ya Kiingereza pamoja na insha moja iliyosahihishwa, nao wakaikubali. Msajili hawezi kuamua hayo, ni mwalimu wa somo ndiye anayeweza. Peleka kabla ya kujiandikisha muhula ujao, kwa sababu ukishaanza kuirudia kozi, hakuna atakayekuwa na haraka na faili lako.