"Douse": kulowesha au kuzima?

Ndugu wa Mikindani, umeuliza: kama kitenzi cha Kiingereza "douse" ni kuzima, vipi kitabu kiseme "They doused the boat with petrol"? Hapo hakuna kilichozimwa. Mashua imemwagiwa petroli mpaka ikalowa chapachapa.

Tazama neno linalofuata kitenzi. Likiwa "fire", "flames" au "lights", maana ni kuzima, na taa huzimwa bila hata tone la maji. Likiwa kitu kingine, mara nyingi ni kumwagia kwa wingi, na kimiminika huja baada ya "with" au "in". Maji kidogo ya kunyunyizia miche ya mikorosho hayafiki hapo. Hiyo ni "sprinkle".

Kosa kubwa ni kuandika "douse water on the fire". Kitenzi hiki kina tabia ya mwagia, si mwaga, kwa hiyo sema "douse the fire with water". Mabaharia nao hukitumia kwa kushusha tanga upesi.

Tamka "daus". Usikichanganye na "dowse", kutafuta maji ya ardhini kwa kijiti. Zipo kamusi zinazokubali tahajia hiyo hata kwa kulowesha, lakini kwenye mtihani andika "douse".