Mkazo wa "parlano" uko wapi?

Ndugu, umeuliza kwa nini mwalimu wa Kiitaliano anakusahihisha kila ukisema "par-LA-no" (wanasema). Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiitaliano mara nyingi hukubali: PAR-lo, par-LIA-mo, par-LA-te. Kinachotuponza ni nafsi ya tatu wingi. Hapo mkazo haubanduki ulipokuwa kwenye umoja: PAR-la, PAR-la-no. Hata te-LE-fo-na huwa te-LE-fo-na-no, silabi ya nne kutoka mwisho! Kwa vitenzi vya kawaida vinavyoishia -are, katika wakati uliopo, tamka umoja kwanza, kisha ongeza -no bila kuhamisha mkazo. Na usipuuze alama ya juu: "parlo" ni nasema, "parlò" ni alisema. Konsonanti pacha zitenganishe, LEG-go-no (wanasoma), zote mbili zisikike.