Maswali ya Wasomaji: Kesi ya Shylock Darasani

Ndugu wahariri, nafundisha Kidato cha Tatu, darasa la wanafunzi sitini. Tulipofika kwenye kesi ya Shylock, mkopeshaji Myahudi, katika *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, darasa zima lilishangilia kushindwa kwake na mjadala wa haki ukafia hapo. Nifanyeje?
*Mwalimu, Morogoro*

Walishangilia kwa sababu walimkuta Shylock tayari ameshika kisu. Anayeanzia mahakamani humwona mla riba katili, basi. Rudi kwanza kwenye onyesho la tatu la sehemu ya kwanza, Antonio, mfanyabiashara Mkristo, anapokuja kukopa dukati (sarafu za dhahabu) 3,000 kwa miezi mitatu, kwa mkataba kwamba asipolipa Shylock atamkata ratili moja ya nyama mwilini. Wasome kwa sauti mambo ambayo Shylock anamkumbusha: kutemewa mate ndevuni, kuitwa mbwa. Antonio hajuti hata kidogo. Anasema huenda akarudia. Dakika kumi zinatosha.

Kwa kesi yenyewe omba vipindi viwili mfululizo. Igizeni mpaka Portia, anayeamua kesi akijifanya mwanasheria, anapokiri kwamba mkataba unampa Shylock ratili yake ya nyama, kisha simamisha, kabla ya hoja yake ya damu: achukue nyama, ila asimwage hata tone la damu. Kila mmoja aandike kwenye nusu karatasi, bila jina: ungekuwa hakimu ungeamuaje, na kwa kanuni gani? Dakika tano, kimya. Bila karatasi hiyo, wenye sauti kubwa wataamua kwa niaba ya wote. Soma nne au tano zinazopingana, mwendelee.

Baada ya hoja ya damu usipite mbio, maana hapo ndipo penye somo. Shylock anakubali sasa kuchukua fedha, ananyimwa hata mtaji wake. Ndipo Portia anapoibua sheria ambayo haikuwa imetajwa: mgeni akitishia uhai wa raia, nusu ya mali yake inakwenda kwa raia huyo, nusu serikalini, na uhai wake unabaki mikononi mwa mtawala. Mtawala anamsamehe uhai. Antonio anataka awe Mkristo. Andika ubaoni kila alichopoteza, mstari kwa mstari, na darasa liseme kila kimoja ni adhabu, fidia au kisasi. Kwenye suala la dini wape muda mrefu zaidi.

Kisha uliza maswali mawili. Portia ni nani kwa Bassanio, na Bassanio ni nani kwa Antonio? Watagundua wenyewe kwamba mwamuzi ni mke wa rafiki wa mdaiwa, tena amejificha ndani ya joho la kiume, na kwamba deni lilikopwa ili Bassanio akamchumbie yeye. La pili: raia angemtishia mgeni, sheria ile ingesemaje?

Swali la "nani mbaya?" liepuke, linageuza darasa kuwa uwanja wa mpira. Wala usimsafishe Shylock. Alikataa dukati 6,000 mbele ya mahakama kwa sababu alitaka mtu afe. Aliyeonewa naye anaweza kudhulumu, na dhuluma yake haiipi mahakama ruhusa ya kumdhulumu. Vijana wa miaka kumi na sita wanalimudu hilo vizuri, wakipewa muda.

Mwanafunzi aliyeigiza Shylock sasa anaitwa "Shailoki" hadi bwenini, na si kwa utani mwema. Nimekosea wapi?
*Mwalimu wa Kiswahili, Kitui*

Nafasi ya anayetukanwa isibebwe na mtoto mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Gawa kesi vipande vitatu, kila kipande na Shylock wake, wapokezane kofia moja ili watazamaji wajue ni nani. Usimpe kamwe mwanafunzi ambaye tayari ni wa peke yake darasani kwa kabila, dini au rangi. Matusi yawe yaliyoandikwa tu, asiongeze mtu lake.

Mwishoni kila mwigizaji avue kofia, ataje jina lake halisi na aseme jambo moja asilokubaliana nalo katika mhusika wake. Kwa huyo aliyekwisha kuumia, rudieni onyesho na wengine waivae hiyo kofia, wakiwemo wanaomwita jina.

Shikamooni. Klabu yetu ya maigizo inataka kuonyesha mwanafunzi anayerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Tumalizeje ili watu waone si haki?
*Mwanafunzi, Tanga*

Marahaba, mwanetu. Msimalize kwa ushindi. Fuateni njia ya mwongozaji wa maigizo Augusto Boal wa Brazili: igizeni dakika saba, kisa kiishie pabaya, halafu anzeni upya. Safari hii mtazamaji yeyote aseme "Simama!", aingie mahali pa anayeonewa, ajaribu njia nyingine. Asichukue nafasi ya mwalimu wa michango na kumfanya mwema ghafla, kwa sababu hapo tatizo limefutwa tu, halijatatuliwa. Anayemwigiza mwalimu huyo naye asilegee ovyo. Mwongozaji aulize baada ya kila jaribio: hili lingewezekana kweli?

Buni shule isiyokuwapo, msiige sauti wala mwendo wa mwalimu yeyote mnayemjua, na mlezi wa klabu aone igizo lote kabla ya siku yenyewe. Mkiiga mtu, shule nzima itazungumza juu ya nani kaigwa, na habari ya mchango itasahaulika.